Pigo Hutangulia Lini? Istilahi za Wakati katika Kanuni za Karata za Mapambano

Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi, kama inavyofanyika katika nchi zetu, imekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya kutafuta majina. Fundi anahitaji jina la kifaa, daktari jina la ugonjwa, mwalimu wa sayansi jina la kipimo; orodha hutungwa, hujadiliwa, husanifiwa na kutangazwa. Utaratibu huu umezaa matunda, wala hapana sababu ya kuubeza. Lakini zipo fani ambazo uzito wake hauko katika majina, bali katika viungo vinavyoyafunga majina hayo pamoja: lini, kwanza, kisha, kabla, endapo, maadamu. Sheria ni mojawapo ya fani hizo. Nyingine, ambayo huenda wasomaji wengi wa jarida hili hawakutazamia kuikuta humu, ni michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana.

Makala haya yanauchambua mchezo mmoja wa namna hiyo, Magic: The Gathering, na hasa sehemu moja ya kanuni zake: ile inayoamua ni wakati gani uwezo wa kiumbe aliye katika mapambano hufanya kazi. Shabaha yetu si kuusifu mchezo huu wala kuulaumu. Shabaha ni kuzipima istilahi zake, kwanza katika lugha ambazo umekwisha kuchapwa, kisha katika maneno ambayo Kiswahili kingeweza kuyatumia. Hoja ni moja: katika kanuni za wakati, istilahi si nomino peke yake. Viambishi vya kitenzi na viunganishi navyo ni istilahi, na visiposanifiwa kwa uangalifu ule ule tunaowapa ndugu zao nomino, orodha nzima ya majina haitamfaa mtu.

Mchezo na kanuni zake

Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Wachezaji, aghalabu wawili, huja kila mmoja na karata alizozichagua mwenyewe kutoka maelfu ya karata zilizochapwa, na kila mmoja huanza na uhai wa pointi 20. Baadhi ya karata ni viumbe. Kila kiumbe ana tarakimu mbili: nguvu, yaani kiasi cha madhara anachotoa katika mapambano, na ustahimilivu, yaani kiasi cha madhara kinachotosha kumwua.

Zamu ya mchezaji hugawanyika katika awamu, na awamu hugawanyika katika hatua. Awamu ya mapambano ina hatua tano: ya kuanza, ya kutaja washambuliaji, ya kutaja wakingaji, ya madhara, na ya kumaliza. Katika hatua ya madhara viumbe wote waliomo hupigana kwa pamoja. Hakuna anayeanza, na wawili wakitoshana hufa wote. Huu ndio msingi. Uwezo wa pekee ulioandikwa katika karata huja kuupindua msingi huo, kwa kuwa moja ya kanuni za mwanzo kabisa husema kwamba maneno ya karata yakipingana na kanuni za jumla, karata ndiyo inayofuatwa. Kwa hiyo kila neno lililochapwa katika karata ni mfano wa kifungu cha sheria, na kitabu cha kanuni kinachoyafafanua maneno hayo kimepita kurasa 200.

Karata hizi zimepata kuchapwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kijapani na lugha nyinginezo. Kiswahili hakimo. Hata hivyo lugha yetu si mgeni wa karata. Maneno karata, turufu, shupaza, kopa na uru yaliingia kutoka Kireno zamani sana, na hivi sasa hakuna mchezaji wa barazani anayeyahisi kuwa ya kigeni. Wala Kiswahili si kigeni katika kuzitaja nyakati za mchezo. Wachezaji wa bao la Kiswahili hutenganisha namua na mtaji: katika namua kila mmoja huingiza kete moja moja kutoka kwenye zile 22 alizobakiwa nazo mkononi, na mtaji huanza kete za mkononi zinapokwisha. Sehemu hizo mbili za mchezo mmoja zina kanuni mbalimbali na kila moja ina jina lake, wala hakuna anayezichanganya. Hiyo ni istilahi ya wakati iliyo kamili, nayo ilitungwa bila kamati.

Uwezo wa kupiga mapema

Tangu mwaka 1993 uko katika mchezo huu uwezo ambao jina lake la Kiingereza, likitafsiriwa neno kwa neno, ni “pigo la kwanza”. Mtu akilisikia jina hilo hudhani amekwisha kuelewa. Atafikiri kwamba mwenye uwezo huu ana kasi kuliko mwenzake, au kwamba ndiye anayeanzisha ugomvi. Yote mawili si kweli.

Kanuni husema hivi. Hatua ya madhara inapoanza, huulizwa kama yuko kiumbe yeyote, mshambuliaji au mkingaji, mwenye uwezo huu. Akiwapo, hata mmoja tu, hatua ya madhara huwa mbili badala ya moja. Katika hatua ya kwanza hupiga wale tu wenye uwezo. Waliopata madhara ya kutosha hufa hapo hapo. Kisha hufuata hatua ya pili, ambamo hupiga waliosalia.

Tuseme kiumbe mwenye nguvu 2 na ustahimilivu 2, aliye na uwezo huu, amekingwa na kiumbe wa 2 na 2 asiye nao. Katika hatua ya kwanza mkingaji hupigwa na kufa, na kwa kuwa amekufa hana atakachofanya katika hatua ya pili. Lakini mkingaji akiwa na ustahimilivu wa 3, mambo hugeuka. Madhara mawili hayatoshi kumwua. Atasimama, na hatua ya pili itakapofika atapiga kwa nguvu zake zote, ilhali mwenzake hapigi tena. Aliyepiga mapema ndiye atakayekufa.

Kumbe uwezo huu hauhusu kasi, wala ubora wa pigo, wala haki ya kuanza. Unahusu nafasi katika ratiba: kiumbe huyu hupangiwa hatua ya kwanza kati ya mbili. Istilahi inayosema jambo jingine lolote, hata ikivutia namna gani, inampotosha mchezaji.

Lugha nyingine zimefanyaje

Tukivitazama vipimo vya wengine tutaona kwamba hata lugha zenye uzoefu mrefu wa tafsiri zimeteleza.

Kijerumani kimefuata Kiingereza neno kwa neno: “Erstschlag”, pigo la kwanza, na kwa uwezo wa kupiga mara mbili, “Doppelschlag”. Istilahi hizi ni fupi na ni ndugu, nazo zinafaa kiasi, ila hazisemi pigo hilo ni la kwanza kwa nani.

Kifaransa kimechagua “initiative”, yaani haki ya kuanza jambo. Hapa pana kasoro. Uwezo huu humfaa mkingaji sawasawa na mshambuliaji, na mkingaji hakuanzisha kitu, amefuatwa kwake. Hata hivyo Kifaransa kina sifa moja ya kustahili kuigwa, kwani uwezo wa pili kimeuita “double initiative”, na hivyo msomaji huona mara moja kwamba istilahi hizi mbili ni za ukoo mmoja. Kireno kimepoteza sifa hiyo. Chenyewe husema “iniciativa” kwa uwezo wa kwanza na “golpe duplo”, pigo la mara mbili, kwa wa pili, kana kwamba hazihusiani.

Kiitaliano kimekwenda mbali zaidi kwa kusema “attacco improvviso”, shambulio la ghafla. Katika maneno mawili mna makosa mawili. Mkingaji mwenye uwezo huu hashambulii. Na hakuna ghafla yoyote, maana uwezo umeandikwa waziwazi katika karata iliyolala mezani mbele ya wote.

Kihispania, kwa maoni yetu, ndicho kilichokaribia shabaha: “daña primero”, yaani “hudhuru kwanza”, na kwa ndugu yake “daña dos veces”, “hudhuru mara mbili”. Fadhila ya Kihispania ni kwamba kimeacha nomino na kushika kitenzi. Hakikuuliza kiumbe huyu ana kitu gani. Kimeuliza anafanya nini na lini. Hili ni fundisho kwetu, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya kitenzi kuliko lugha zote tulizozitaja.

Kupima maneno ya Kiswahili

Tuyapime sasa maneno yanayoweza kupendekezwa.

(a) Pigo la kwanza. Tafsiri hii itamjia kila mtu upesi, na kwa hiyo ni ya kuchunguzwa sana. Tatizo lake ni hesabu. Kiumbe wa kawaida, anayepiga katika hatua ya pili, pigo lake hilo kwake yeye ni la kwanza na la pekee. Kiumbe anayepiga mara mbili ana pigo la kwanza na pigo la pili. Kwa hiyo kanuni ikisema “baada ya pigo la kwanza”, msomaji hajui kama linahesabiwa la kiumbe au la pambano.

(b) Kasi, au wepesi. Maneno haya yanafaa uwezo mwingine kabisa, ule unaomruhusu kiumbe kushambulia katika zamu ile ile aliyoingia badala ya kungoja zamu ijayo. Neno lililokwisha kupata kazi lisipewe kazi ya pili katika fani ile ile.

(c) Kuwahi. Hili ni neno zuri mno. Mswahili akisema “amemwahi”, amekwisha kueleza katika neno moja kwamba wawili walikuwa wakiwania jambo na mmoja amelifikia kabla ya mwenzake. Tungelipendekeza bila kusita, lau si kitu kimoja. Kuwahi kuna maana nyingine, ya kupata kufanya jambo wakati wowote uliopita. Kanuni ikisema “kiumbe ambaye hajawahi kupiga”, je, ni yule asiye na uwezo wa kupiga mapema, au ni yule ambaye hajapiga kabisa? Katika pambano lenye hatua mbili za madhara tofauti hiyo huamua nani afe. Tena viumbe wawili wenye uwezo huu wakikutana, wote hupiga katika hatua ya kwanza kwa pamoja. Wote wamepiga mapema, lakini hakuna aliyemwahi mwenziwe.

(d) Kutangulia. Neno hili linasema mahali katika mfuatano bila kusema kasi, bila kudai kwamba mmoja amemshinda mwingine, na bila kuhesabu mapigo ya mtu binafsi. Wengi huweza kutangulia pamoja, kama msafara unavyotanguliwa na kundi zima. Kutokana nalo tunapata “pigo tangulizi” na “hatua tangulizi ya madhara”. Mtu atasema kwa mzaha kwamba kwa Waswahili waliotangulia ni marehemu. Mzaha huo hauharibu istilahi. Tumekwisha kuona kwamba mara nyingine mwenye kutangulia kupiga ndiye afaye.

Kwa uwezo wa kupiga katika hatua zote mbili, ulioingia katika mchezo mwaka 2003, neno la haraka ni “pigo maradufu”. Tunalikataa. Maradufu huweza kueleweka kuwa ni kiasi: madhara 3 yawe 6. Zipo karata nyingine ambazo kweli huzidisha madhara mara mbili katika pigo moja, na huko ndiko maradufu litakakohitajika. Kiumbe anayepiga mara mbili si lazima atoe 6. Akiuawa katika hatua tangulizi na kiumbe mwingine mwenye uwezo kama wake, hupiga mara moja tu. Tunapendekeza “mapigo mawili”, maneno ya kawaida yasiyohitaji kufasiriwa.

Swali huulizwa lini

Tumepata majina mawili, na kwa desturi yetu tungeyaingiza katika orodha tukaendelea na mengine. Lakini matatizo ya kweli ndipo yanapoanza, maana uwezo huweza kupatikana au kupotea katikati ya mapambano, baada ya hatua tangulizi na kabla ya hatua ya pili. Kanuni zimeyajibu mambo haya moja moja. Mwenye pigo tangulizi aliyekwisha kupiga, akiupoteza uwezo huo, hapigi tena katika hatua ya pili. Asiyekuwa nao, akipewa baada ya hatua tangulizi kupita, hanyimwi pigo lake katika hatua ya pili. Mwenye mapigo mawili akiupoteza uwezo wake baada ya pigo lililotangulia, pigo la pili hana. Na mwenye pigo tangulizi akipewa mapigo mawili katikati, hupiga tena.

Ukiyatazama majibu haya utaona kwamba yote yanatokana na jambo moja: hatua ya pili huwauliza viumbe maswali mawili yenye nyakati mbili tofauti. Swali moja ni la wakati uliopita: ulikuwa huna uwezo wowote kati ya hizi mbili hatua tangulizi ilipoanza? Swali jingine ni la wakati uliopo: je, sasa una mapigo mawili? Anayejibu ndiyo kwa mojawapo hupiga. Kiingereza cha kanuni kinahitaji sentensi ndefu kulisema hilo. Kiswahili kinaweza kulisema hivi: “Katika hatua ya pili hupiga kiumbe aliyekuwa hana pigo tangulizi wala mapigo mawili hatua tangulizi ilipoanza, na kiumbe aliye na mapigo mawili hivi sasa.” Aliyekuwa na aliye: hapo ndipo kanuni yote ilipo. Mtafsiri akilegea akaandika “asiye na” mahali pa “aliyekuwa hana”, atakuwa amebadili matokeo ya mchezo bila kugusa istilahi hata moja ya orodha.

Mageuzi ya mwaka 2009

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukitazama jinsi waandishi wa kanuni wenyewe walivyohangaika nalo. Mwaka 1999 walianzisha rundo: kila tendo likitangazwa huwekwa juu ya lililotangulia, na la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kutekelezwa. Madhara ya mapambano nayo yaliwekwa katika rundo. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kitambo ambamo madhara yamekwisha kupangwa lakini hayajatolewa, na katika kitambo hicho wachezaji waliweza kutenda mambo mengine.

Karata iliyojulikana sana kwa kunufaika na kitambo hicho ni Mogg Fanatic ya mwaka 1997, kiumbe wa 1 na 1 ambaye mwenyewe humtoa mhanga ili atoe madhara 1 popote. Mchezaji alimwacha akinge, akangoja madhara yapangwe, kisha akamtoa mhanga. Kiumbe amekwisha kuondoka, lakini pigo lake bado liko njiani. Hivyo kiumbe wa 1 aliweza kumwua wa ustahimilivu 2. Mwaka 2009 utaratibu huo ulifutwa. Madhara hayapiti tena katika rundo. Yakipangwa hutolewa papo hapo. Mwenye Mogg Fanatic sasa huchagua: ama apige, ama atolewe mhanga.

Mwaka huo huo uwezo mwingine wa mapambano ulibadilishwa aina. Uwezo unaompa mwenyewe uhai sawa na madhara anayotoa, ambao twaweza kuuita kiungo cha uhai, ulikuwa ukifyatuka. Tunatumia neno kufyatuka kwa makusudi: kama mtego, huanza tukio, ndipo unapofanya kazi. Mchezaji aliyebaki na uhai 2, akipigwa madhara 3 wakati kiumbe wake mwenye kiungo cha uhai naye akitoa madhara 3, alikufa kabla mtego haujafyatuka ukamletea uhai. Tangu mwaka 2009 uwezo huo ni wa kudumu: uhai huingia pamoja na madhara, na mchezaji huyo hubaki hai na pointi zake 2. Jina la uwezo halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni wakati. Mwenye kuorodhesha nomino angesema hapakutokea lolote, na mchezaji wetu angemwuliza mbona jana alikufa na leo yu hai.

Hapa tutaje pia neno la kutahadhari nalo. Haki ya mchezaji ya kutenda jambo kabla mchezo haujasonga mbele hupita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Jina lake la Kiingereza linamvuta mtafsiri upande wa “kipaumbele”. Hilo si sahihi. Kipaumbele ni cha jambo lililo bora kuliko mengine. Hapa hakuna ubora, pana nafasi tu, ambayo mchezaji huipata, huitumia au huipisha. Tuseme “nafasi”.

Tatizo la -ki-

Tumefika penye kiini cha hoja. Kiambishi -ki- katika Kiswahili kina kazi nyingi. Hutaja sharti, hutaja wakati, na hutaja tendo linaloendelea sambamba na jingine. Katika mazungumzo huo ni utajiri, kwani muktadha huamua. Katika kanuni ni hatari.

Chukua maneno haya: “Kiumbe huyu akishambulia, hupata nguvu 2.” Je, ni pale anapotajwa kuwa mshambuliaji, mara moja tu? Au ni muda wote awapo katika shambulio? Mchezo unatofautisha mambo hayo kwa ukali. Iko njia ya kiumbe kuingia mchezoni akiwa tayari anashambulia, bila kupitia hatua ya kutaja washambuliaji. Kiumbe wa namna hiyo yumo katika shambulio, lakini kwa kanuni hakushambulia. Uwezo unaofyatuka kwa tukio la kushambulia haumhusu. Uwezo unaodumu katika hali ya kushambulia unamhusu. Neno “akishambulia” haliwezi kutuamulia.

Tunao uwezo wa kujitoa katika shaka hiyo bila kukopa kitu. Kirejeshi -po cha mwisho wa kitenzi, kisicho na alama ya njeo, kinafaa sana kwa tukio: “kila ashambuliapo”. Kwa hali inayodumu liko neno maadamu: “maadamu anashambulia”. Ni kweli kwamba maadamu hutumika pia kwa kutaja sababu, na kwa hiyo kitabu cha kanuni hakina budi kutamka mwanzoni kwamba humo lina maana ya muda peke yake. Kwa sharti, endapo: “endapo anashambulia”. Endapo nalo lina -po ndani yake, lakini matumizi yamekwisha kulitia upande wa sharti, na hakuna anayelisikia kama neno la wakati. Kwa mambo yanayofuatana tuseme “kisha”, na kwa yanayotokea wakati mmoja “kwa pamoja”. “Na” peke yake haitoshi, maana husimamia yote mawili.

Wala mtu asidhani kwamba tofauti ya wakati na sharti ni ya mchezo mmoja tu. Katika mchezo wa Yu-Gi-Oh!, ambao karata zake Konami ilianza kuzitoa Japani mwaka 1999, uwezo wa hiari ulioandikwa kwa neno la Kijapani “toki”, wakati, hupotea ikiwa tukio lake halikuwa la mwisho kutokea. Ulioandikwa kwa “baai”, hali au sharti, haupotei. Mwaka 2011 karata za Kiingereza za mchezo huo zilianza kuandikwa kwa utaratibu mpya, ambamo hata nukta pacha na nukta mkato zimepewa maana: moja hutenga masharti, nyingine hutenga gharama na kile kinachotekelezwa baadaye. Waliofanya hivyo walitambua kwamba alama ya kituo nayo yaweza kuwa istilahi.

Faida yake kwetu

Wapo watakaosema kwamba karata ni mchezo, na Baraza lina kazi za maana zaidi. Wapo pia watakaosema kwamba vijana wanaoucheza mchezo huu wanazijua karata kwa Kiingereza na hawahitaji msaada. Wa kwanza tunawajibu kwamba mchezo ni mizani ya bei nafuu. Kanuni ikikosewa mezani, hasara ni kiumbe wa karatasi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Huko nako kuna sentensi za -ki-. “Mpangaji akikaa katika nyumba bila kulipa kodi, mkataba utavunjika.” Utavunjika siku ya kwanza ya kukaa bila kulipa? Au hauna nguvu muda wote asipolipa, na hurudi akilipa? Hilo ni swali lile lile la kiumbe anayeshambulia, ila hapa anayetolewa nje ni mtu na watoto wake.

Wa pili tunawajibu kwamba kijana anayesoma kanuni kwa Kiingereza hubishana juu yake kwa Kiswahili, na ubishi ndio mahali ambapo lugha hupimwa. Akikosa namna ya kusema “aliyekuwa hana wakati ule” tofauti na “asiye na sasa”, si kwa sababu Kiswahili hakina. Ni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba kinacho.

Mapendekezo

Tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe na wasomaji na kamati zinazohusika:

Hatua tangulizi ya madhara: ya kwanza kati ya hatua mbili za madhara, palipo na kiumbe mwenye pigo tangulizi au mapigo mawili.

Pigo tangulizi: uwezo wa kiumbe kutoa madhara yake katika hatua tangulizi.

Mapigo mawili: uwezo wa kiumbe kutoa madhara katika hatua tangulizi na tena katika hatua ya pili.

Uwezo wa kufyatuka: unaosubiri tukio, huandikwa kwa “kila …-po”.

Uwezo wa kudumu: ulio na nguvu muda wote, huandikwa kwa “maadamu” au bila kiunganishi.

Rundo: mahali ambapo matendo yaliyotangazwa hungoja kutekelezwa, la mwisho likianza. Neno tabaka lisitumike hapa, kwa kuwa litahitajika kwa kanuni nyingine za mchezo huu zinazopanga athari za kudumu kwa madaraja.

Nafasi: haki ya mchezaji kutenda kabla mchezo haujaendelea.

Endapo: sharti peke yake. Kiambishi -ki- kisitumike katika matini ya kanuni kwa sharti wala kwa wakati.

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunaloliona kuwa na uzito kuliko yote, nalo si la karata tu. Orodha za istilahi zinazotolewa kwa ajili ya sheria, mikataba na taratibu za kazi ziwe na sehemu ya pili, baada ya nomino, itakayotaja viambishi na viunganishi vya wakati na kazi iliyopewa kila kimoja. Wasomaji wenye hoja za kupinga, hasa wanasheria, tunawaomba watuletee mifano ya sentensi zilizowahi kuwatatiza kazini, ili sehemu hiyo ya pili iandikwe kutokana na matumizi halisi.